Mshika Mawili: Dalali Mpya Anunue Lini?

Siku hizi kila mtaa wa Dar es Salaam una kijana mwenye simu iliyojaa picha za nyumba. Asubuhi anaonyesha chumba na sebule Sinza, mchana yuko Goba na mteja wa kiwanja, jioni anarusha picha kwenye kundi la WhatsApp na kuandika chini yake: "maji yapo, umeme upo, gari linafika." Ukimuuliza anakoelekea, mara chache atakutajia udalali. Atakwambia uwekezaji: anauza vya watu leo ili kesho awe na vyake.

Je, kazi hizo mbili huanzwa pamoja? Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, ila wahenga hawakulipa kodi ya nyumba Dar es Salaam. Tumeliweka swali hilo mbele ya sauti tano. Ni sauti za kubuni, kila moja inasimamia watu wa upande wake, ndiyo maana tumeziita kwa kazi zao. Sheria na miaka wanayoitaja ni ya kweli. Mahesabu ni ya mfano, na msomaji anaweza kuyarudia kwa kalamu yake.

Kuanza bila mtaji

MWENDESHA MJADALA: Kijana, wewe ndiye unayeanza kazi. Fungua.

KIJANA: Shikamooni wakubwa. Mimi naona udalali ni mlango ulioachwa wazi kwa mtu asiye na mtaji. Duka linataka fremu, na fremu inataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima. Bodaboda inataka mamilioni, au mkataba wa kumpelekea tajiri hesabu kila jioni. Udalali unataka simu, bando na viatu. Nikimpatia mtu nyumba ya laki tatu kwa mwezi, desturi ni kwamba napata kodi ya mwezi mmoja. Nikiuza kiwanja, napatana asilimia na mwenye mali. Lakini sitaki kuzeeka nikiwa nimeshika funguo za wengine. Kila kamisheni ikiingia, nusu naitunza. Nanunua kiwanja pembeni ya mji, nakiacha kipande bei, nauza, nanunua viwili. Ndiyo hesabu yangu.

DALALI MKONGWE: Marahaba, mdogo wangu. Hesabu ni nzuri, ila umesahau wagawanaji. Laki tatu hiyo haiji yote. Nyumba kaileta dalali wa mtaani, mteja umemleta wewe, katikati yupo aliyewaunganisha. Mnagawana. Halafu kuna mwezi mzima hakuna anayehama, na bando linaisha vilevile. Kwa hiyo nakushauri usiwaze kiwanja kwanza, chagua eneo. Kata moja, zikizidi ziwe mbili. Ujue mtaa upi unafungika masika, kisima kipi kina maji ya chumvi, mwenye nyumba yupi hupandisha kodi kila mkataba ukiisha, na yupi ana kesi na ndugu zake. Dalali anayeonyesha nyumba Mbagala asubuhi na Bunju jioni hana eneo. Ana nauli tu.

KIJANA: Lakini mzee, mambo yamebadilika. Picha zote nazipata kwenye simu.

DALALI MKONGWE: Umezipata kwa mtu aliyetumiwa na mtu. Mteja anapanda daladala mbili kufika, anakuta nyumba ilichukuliwa wiki iliyopita. Na wewe umeshamtoza hela ya kuonyeshwa.

MAMA MUUZAJI: Hapo hapo naomba niingie. Mimi nimealikwa kwa sababu niliuza kiwanja cha familia, lakini kabla ya hapo nimepanga miaka mingi. Hiyo hela ya kuonyeshwa ndiyo inayotufanya tuwaite nyinyi vishoka. Unalipa, unaonyeshwa nyumba ambayo hata yeye hajawahi kuingia, ukikataa unapelekwa nyingine mbovu zaidi, na hela hairudi. Dalali anayelipwa kwa kutembeza watu atawatembeza. Anayelipwa kwa kupangisha atatafuta nyumba.

DALALI MKONGWE: Mama, tuwe wakweli pande zote. Wapo wateja wanaotembezwa siku nzima, jioni wanarudi kwa mlango wa nyuma kwa mwenye nyumba ili wasilipe kamisheni. Nauli yangu nani atairudisha?

MAMA MUUZAJI: Basi sema nauli, ikatwe kwenye kamisheni nikipata nyumba. Mimi hilo nalilipa bila kinyongo.

MAMA MWENYE NYUMBA: Na mimi nina langu kama mtu wa upande wa funguo. Dalali mpya hudhani kazi yake ni kujaza chumba. Mimi nataka anayekijaza kwa mtu atakayelipa miezi sita ijayo pia. Awe amemuuliza anafanya kazi gani, alikuwa anaishi wapi, kwa nini anahama. Dalali aliyeniletea mpangaji msumbufu namkumbuka kwa jina, na chumba changu kingine hakioni. Yule aliyewahi kuniambia "mama, huyu mteja ana hela lakini simwamini" nimemwachia nyumba zangu zote.

MWENDESHA MJADALA: Mpaka hapa hakuna anayepinga kwamba udalali unaingilika bila mtaji. Kinachobishaniwa ni kama mtu anayeingia hivyo ameshaanza kazi au amewahi tu kufika mlangoni. Wakili, sheria inamtambuaje kijana huyu?

Karatasi kabla ya pesa

WAKILI: Inamtambua nusu nusu. Jirani zetu wa Kenya wana Sheria ya Mawakala wa Milki, Sura ya 533, tangu 1984: pale wakala lazima asajiliwe na bodi. Kwetu mthamini wa mali ana bodi yake kwa sheria ya 2016, lakini dalali wa nyumba hana bodi ya namna hiyo. Watu husikia hivyo wakadhani yuko huru kabisa. Biashara yake bado inataka namba ya mlipakodi kutoka TRA na leseni ya biashara, na akitumia jina la kampuni au la biashara alisajili BRELA. Sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha inawahesabu mawakala wa milki miongoni mwa watu wanaopaswa kutoa taarifa za miamala yenye shaka. Kwa hiyo mteja akija na begi la noti na hataki jina lake liandikwe popote, hilo si bahati ya dalali mpya. Na Julai 2025 ilitoka amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, udalali wa milki ukiwemo. Soko limelindwa kwa ajili yenu. Sasa lifanyeni kazi kwa adabu.

DALALI MKONGWE: Ongeza la dola, wakili. Sisi wa Masaki na Oysterbay tulizoea kutaja kodi kwa dola. Kanuni za Machi 2025 zimepiga marufuku kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Kijana anayenakili matangazo ya zamani anajiingiza matatani bila kujua.

KIJANA: Hayo nitayashika. Kinachonitisha zaidi ni viwanja. Nitajuaje kwamba ninachouza, au ninachonunua, ni cha huyo anayekiuza?

WAKILI: Anza na msingi. Kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Anayekuambia anauza ardhi yake anauza haki ya kuitumia kwa muda na kwa masharti. Hati miliki huandikwa miaka 33, 66 au 99. Uliza imebaki mingapi. Uliza matumizi yaliyoandikwa ni makazi au biashara. Uliza kodi ya pango la ardhi inadaiwa kiasi gani. Kisha usitosheke na majibu ya mdomo: peleka maombi ya upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone jina la mmiliki, uone kama benki imeshika rehani, uone kama kuna zuio.

KIJANA: Na kisichopimwa? Kule ninakozunguka, vingi vina mkataba wa serikali ya mtaa tu.

WAKILI: Mkataba ule unaonyesha kwamba watu wawili walikaa mbele ya mwenyekiti wakakubaliana. Mwenyekiti ameshuhudia, hajathibitisha kwamba aliyeuza alikuwa na cha kuuza. Hapo kazi ya karatasi inakuwa kazi ya miguu. Waone majirani wa pande zote nne. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uulize mchoro wa mipango miji unasemaje: usije kukuta umenunua uwanja wa shule. Ukiambiwa kuna asilimia kumi ya ofisi ya mtaa, uliza ipo kwenye sheria gani na uombe stakabadhi. Ukitoka nje ya jiji, huko Mkuranga au Kisarawe, ukaonyeshwa ekari kwa bei ya bure, jua unaweza kuwa kwenye ardhi ya kijiji. Ile inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na ugawaji wake hupitia mkutano mkuu wa kijiji. Saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi.

MAMA MWENYE NYUMBA: Mwambie na habari ya mke.

WAKILI: Mke au mume. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja. Na mwenye mali akiwa amefariki, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa kwa kuwa mkubwa tu hana mamlaka hayo.

DALALI MKONGWE: Mimi nitaongeza kisichoandikwa popote ila kila dalali mzima anakijua: umeme si hati. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa kutoka Kimara hadi Kiluvya kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Humo zilikuwamo nyumba zenye mita za LUKU, watu wamezaa na kuozesha humo. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, bonde la Msimbazi lilishaona tingatinga. Mteja akikuambia "mbona Tanesco wamenivutia," mjibu kwamba Tanesco wanauza umeme. Hifadhi ya barabara na bonde la mto vinaulizwa kwingine.

Hesabu ya mwenye nyumba

MWENDESHA MJADALA: Tuseme kijana ameyashika yote hayo na ameweka akiba. Mama mwenye nyumba, anunue?

MAMA MWENYE NYUMBA: Asinunue mpaka apige hesabu ambayo wengi wetu hatukuipiga. Chukua mfano. Kiwanja milioni 20, ujenzi wa nyumba nne ndogo za chumba, sebule na choo cha ndani milioni 60. Jumla 80. Kila moja ipangishwe kwa 150,000. Kwa mwezi laki sita, kwa mwaka milioni 7.2. Vijana huishia hapo, wanasema asilimia tisa. Sasa toa. Kwa mwaka zitakaa tupu jumla ya miezi minne, yaani mwezi mmoja kwa kila nyumba: imebaki milioni 6.6. Toa rangi, bomba, shimo la choo, mlinzi: weka milioni moja. Toa kodi ya pango ya Serikali, asilimia 10 ya kilichoingia: 660,000. Umebaki na kama milioni 4.9. Hiyo ni asilimia sita na ushee ya pesa yako, kwa kazi ya kugombana na watu kuhusu maji.

Mwaka 2021 Benki Kuu ilipouza hati fungani ya kwanza ya miaka 25, riba yake ilikuwa asilimia 15.95. Milioni 80 zile zile zingekupa zaidi ya milioni 12.7 kila mwaka ukiwa umelala. Hakuna mpangaji wa kukuamsha.

KIJANA: Sasa mama, kwa nini wewe una nyumba?

MAMA MWENYE NYUMBA: Kwa sababu hati fungani itanirudishia 2046 milioni 80 zile zile, na mwaka huo sijui zitanunua nini. Kodi ya nyumba inapanda, kiwanja chenyewe kinapanda, na wanangu wana pa kulala. Nimekupigia hesabu ili ujue unanunua nini. Ukinunua nyumba ya kupangisha, usitegemee kodi ikutajirishe upesi. Unanunua kukua kwa eneo, na kodi ni posho ya kusubiri. Eneo lisipokua, umefungia pesa.

DALALI MKONGWE: Na eneo hukua kwa amri ambayo si yako. Kigamboni ilitangaziwa mji mpya 2008. Watu wakakimbilia kununua. Wenye maeneo ndani ya mradi wakazuiwa kuyaendeleza, wakakaa miaka wakisubiri fidia, na mji uliochorwa haukujengwa kama ulivyochorwa. Aprili 2016 Daraja la Nyerere likafunguliwa, Kigamboni ile ile ikaanza kusogea. Aliyenunua kwa mchoro alichoka, aliyenunua kwa daraja alicheka. Baba yangu alikuwa akitukumbusha 1971, Serikali ilipotwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Kwa kizazi chake, nyumba kubwa ilikuwa hatari. Kila kizazi kina namna yake ya kuchomwa na ardhi.

KIJANA: Nikikopa je? Akiba ya kamisheni itanichukua miaka.

MAMA MWENYE NYUMBA: Mikopo ya nyumba imekuwa ikitozwa riba ya asilimia 15 hadi 19. Weka 17. Ukikopa milioni 80 zote, riba ya mwaka wa kwanza inakaribia milioni 13.6. Nyumba zako nne zimekuletea 6.6 kabla ya matumizi. Kopa kujenga nyumba ya kuishi kama una mshahara wa kukatwa. Ukikopa ukitegemea vyumba vya kupangisha vijilipe vyenyewe, kwa riba hiyo havijilipi.

WAKILI: Na anayetaka kununua na kuuza upesi akumbuke mlango wa kutokea. Mkazi anayeuza ardhi au jengo hulipa asilimia 10 ya faida. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023, mtu binafsi asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Fikiria umenunua kwa milioni 20, ukatumia tano kupima na kujenga uzio, ukauza kwa 30. Ukiwa na stakabadhi zote, faida ni milioni tano, kodi ni laki tano. Ukiwa huna hata karatasi moja, ni laki tisa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa imepotea laki nne. Bado ushuru wa stempu, karibu asilimia moja, na uthamini, na uhamisho. Kiwanja kilichopanda kwa asilimia kumi kinaweza kukurudisha mikono mitupu.

Habari ni ya nani?

KIJANA: Naomba niulize swali linaloninyima usingizi, maana naona mnazunguka pembeni yake. Chukulieni mama mmoja amenikabidhi kiwanja nimuuzie. Ana mgonjwa hospitali, anataka milioni 30 kabla ya mwisho wa wiki. Hajui kwamba mtaa huo sasa viwanja vinakwenda 45. Mimi najua, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nina kumi za kwangu, ndugu watanikopesha ishirini. Ninunue mwenyewe?

MAMA MWENYE NYUMBA: Mimi nitasema wanachokiogopa wengine: kila mwekezaji hununua chini ya bei, la sivyo si mwekezaji. Anayeuza kwa haraka hulipia haraka yake. Yule mama anahitaji milioni 30 Ijumaa, na wewe unazo Ijumaa. Mteja wa 45 anaweza kuja baada ya miezi mitatu, mgonjwa ameshazikwa. Kumpa pesa kwa wakati nako ni msaada.

DALALI MKONGWE: Mtaani jibu liko tayari, wala huhitaji milioni 30. Unampelekea mteja wa 45, unampa mama 30 zake, 15 zinabaki. Tunaita cha juu. Wapo waliojenga kwa cha juu, na wengine waliohama mji kwa ajili yake. Mimi nimekiacha, na si kwa utakatifu. Siku hizi mnunuzi na muuzaji wanapeana namba siku ya kusaini. Mama atapiga simu kuuliza tu kama mtu amehamia salama, na bei itatajwa.

MAMA MUUZAJI: Ilitajwa. Mimi ndiye huyo mama. Kiwanja cha marehemu mume wangu, mirathi imekwisha, watoto wanadaiwa ada. Dalali aliniambia soko limelala. Nilipokuja kujua kilichouzwa, nilikuwa nimeshasaini na kushukuru. Nakwambia kilichoniuma, mwanangu. Bei ndogo ningeivumilia, shida ni shida. Kilichoniuma ni kwamba nilimweleza habari ya ada mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikidhani anaisikia ili anisaidie. Kumbe alikuwa anapima nitashuka mpaka wapi.

WAKILI: Na sheria iko upande wa mama kuliko mtaa unavyodhani. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamwona dalali aliyetumwa kuuza kama wakala. Wakala akigeuka kuwa mnunuzi kwa siri katika jambo alilotumwa, aliyemtuma anaweza kuukana mkataba huo pale mambo muhimu yalipofichwa au ulipomletea hasara. Anaweza pia kudai faida ambayo wakala ameipata. Mama mwenye nyumba ana haki ya kununua kwa 30, kwa sababu hakutumwa na mtu. Kijana ametumwa. Tendo ni lile lile, ila nafasi zao mbele ya yule mama ni mbili tofauti.

MAMA MWENYE NYUMBA: Basi mmemfunga mikono. Dalali anajua eneo kwa jasho lake, kisha anaambiwa asilitumie. Atakuwa mwekezaji lini?

WAKILI: Sijamfunga. Natenganisha habari mbili. Ya kwanza ni habari ya eneo: wapi lami inakuja, mtaa upi unapimwa, vyumba gani havikai tupu. Hiyo ameipata kwa kutembea, ni yake, aitumie kununua kwa mtu yeyote ambaye hakumtuma. Ya pili ni habari ya shida ya mtu: ada, mgonjwa, ndugu wanaogombana, tarehe ya mwisho ya benki. Hiyo alikabidhiwa pamoja na kazi. Akiitumia kujinunulia, ametumia mali ya mteja.

KIJANA: Kwa hiyo kiwanja cha yule mama nisikiguse kabisa?

DALALI MKONGWE: Uvue kofia moja kabla bei haijatajwa. Mwambie: mama, vya jirani vimeuzwa 45, ukisubiri unaweza kuipata, ukiharakisha hutaipata. Mimi mwenyewe nakitaka kwa bei hii na hii. Ukikubali, kuanzia sasa mimi si dalali wako, kamisheni sichukui, na tafuta mtu wa kukusemea. Muandikiane. Kama ana muda wa mthamini, mthamini aje.

MAMA MWENYE NYUMBA: Akishasema yote hayo, mama atataka 40.

DALALI MKONGWE: Atake. Kijana atapata kiwanja kwa 40 penye soko la 45, na atampata mama atakayemsimulia kanisani na kwenye vikoba. Wateja wangu wengi wametoka kwenye vikoba kuliko kwenye simu.

MAMA MWENYE NYUMBA: Nakubali la kuandikiana. La bei sikubali. Mtaji mdogo haununui kwa 40, kwa hiyo mmemwambia asinunue kwa maneno ya heshima.

Tunapofikia

MWENDESHA MJADALA: Mama ana hoja, na hatutaizima kwa kupiga kengele. Kwa dalali mwenye akiba ndogo, kusema kweli kunaweza kumgharimu kiwanja cha kwanza, na pengine cha pili. Lakini mjadala umetuonyesha kwamba tuliliuliza swali vibaya. Tuliuliza kama mtu aanze na udalali au uwekezaji, kana kwamba ni foleni mbili. Mtu anaweza kushika yote mawili mwaka ule ule, alimradi yasikutane kwenye kiwanja kimoja. Aingie udalali kwa kata moja na daftari moja. Pesa ya kwanza isiende kwenye ardhi. Ikae pale inapoweza kutoka mwezi usio na wapangaji. Anunue kwa habari aliyoitafuta kwa miguu yake, kutoka kwa mtu ambaye hakumfungulia siri zake. Na hesabu aipige mpaka mwisho, akitoa miezi mitupu, kodi na stempu, maana eneo zuri kwa mpangaji linaweza kuwa eneo baya kwa pesa yake.

KIJANA: Mimi nitaanza na vyumba, viwanja baadaye. Kosa la chumba linaisha mkataba ukiisha. Na hela ya kuonyeshwa nitaiita nauli, niikate kwenye kamisheni kama mama alivyosema.

MWENDESHA MJADALA: Mama muuzaji, neno la mwisho liwe lako. Angekuja dalali kijana kesho, ungempa kiwanja kingine auze?

MAMA MUUZAJI: Ningempa, kwa masharti mawili. Anitajie bei tatu za karibuni za mtaa huo kabla hajaniuliza nina shida gani. Na kamisheni yake iandikwe kwenye mkataba ninaosaini mimi na mnunuzi, kila mmoja aione. Akitimiza hayo, hata akinunua yeye mwenyewe sina neno.